Maji machafu ya muji: Dodoma wanayatia mu mabwawa, sisi Kasongo tunayaachilia bondeni

Mudogo wetu mumoja anayesoma ujenzi alinitumia kwa simu karatasi ya projekiti aliyoitunga na wenzake: estasio ya kusafisha maji machafu ya muji wa Kasongo. Kurasa 14, zimeandikwa vizuri. Ndani muko pompi, mashini za kupuliza hewa ndani ya maji, jenereta mbili, na nyumba ya jenereta. Mwishoni akaniuliza swali moja tu: "Kaka agronomi, maji yakiisha kusafishwa, tunaweza kuyatia mu bustani?"

Swali lile ni la maana kupita projekiti yenyewe. Nimeona nilijibu hapa, mbele ya wote, juu wengi kati yetu watatunga karatasi kama zile siku moja, na wachache wetu walifundishwa mambo ya maji machafu zaidi ya saa mbili tatu za masomo.

Tuanze na kwetu. Kasongo haina tuyo za maji machafu chini ya njia. Kila parseli iko na choo chake cha shimo, wenye uwezo wako na fose septike, na maji ya kuoga na ya kufua yanatoka nyuma ya nyumba, yanafuata mufereji pahali uko, yanashuka bondeni. Mu bonde njo kuko bustani. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane mvua inakatika, na lengalenga, matembele, nyanya na vitunguu vinalimwa pembeni ya maji yale. Wamama wanachota na arozwari ao na bidoni iliyotobolewa tundu. Kila kiangazi anatokea mutu wa kusema bustani zile zingolewe juu ya kolera. Na kila kiangazi mboga za kule njo zinatulisha, yeye pia. Anayeogopa kolera hakosei. Mama anayesema "nikiacha bustani watoto hawatasoma" naye hakosei. Kati yao wawili kunakosa mutu wa kueleza maji yanafanya nini.

Mimi nimetafuta mufano kwa wenzetu wanaosema Swahili, pahali maji ni shida kupita kwetu: Dodoma, inchi ya Tanzania. Dodoma ni inchi kavu. Mvua yao kwa mwaka ni kama milimita 570, karibu yote kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa ine, kisha miezi saba ya vumbi. Sisi tunapata zaidi ya mara mbili. Maji yao ya kunywa yanatoka zaidi katika visima virefu vya Makutupora, kaskazini ya muji. Mwaka 1973 serikali yao iliamua Dodoma iwe muji mukuu, lakini watu hawakuhamia kwa wingi mpaka nyuma ya 2016, wakati Rais Magufuli aliposema sasa tunahama kweli. Iniversite yao ilifunguliwa 2007. Hesabu ya watu ya 2022 ilikuta watu zaidi ya 760 000 katika jiji. Fikirini: inchi kavu, watu wanaongezeka hivyo, na kila mutu anayekunywa maji anayatoa pia.

Na maji yale yanakwenda wapi? Sehemu ndogo ya nyumba, zaidi za katikati, zimefungwa ku tuyo za muji. Zingine zinatumia vyoo vya shimo na fose kama sisi, na kamio ya tanki inakuja kuvuta. Maji ya tuyo yanashuka mpaka Swaswa, pembeni ya muji. Kule hakuna mashini kubwa. Kuko mabwawa. Watanzania wanayaita mabwawa ya majitaka: maji yanaingia mu bwawa la kwanza, yanapita mu la pili, yanapita mu linalofuata, polepole, na mashini inayoyasafisha ni jua.

Najua mudogo wangu atasema: basi ile si teknike, ni shimo tu. Hapana. Musikie vizuri namna inavyofanya kazi.

Uchafu wa maji ya choo na ya jikoni, sehemu kubwa, ni chakula. Bakteria wanapenda kukila, na wakikila wanatumia hewa iliyo ndani ya maji, oksijeni. Njo maana mufereji muchafu unanuka na samaki wanakufa: hewa imekwisha. Kazi ya estasio yoyote, ya mashini ao ya jua, ni kuwaacha bakteria wale mpaka chakula kiishe, lakini pahali tumechagua sisi, si ndani ya muto. Tunapima chakula kile kwa oksijeni kinayoomba; mu vitabu vya Kifaransa mutakuta DBO. Mutu mumoja wa inchi zetu anatoa karibu grama 40 kwa siku.

Bwawa la kwanza ni lenye kina, mita 2 mpaka 5. Uchafu muzito unaketi chini, hewa haifiki, na bakteria wasiohitaji hewa wanauoza, wakitoa gesi ile ile ya biogazi. Bwawa hili ni dogo na linafanya kazi kubwa: kwenye joto la digri 25 linaweza kuondoa karibu 70 % ya DBO kwa siku moja ao mbili. Njo joto linatusaidia hapo. Kwenye baridi bakteria wanalala. Na harufu? Bwawa la kwanza linaweza kunuka, hasa likipewa uchafu kupita kipimo, juu ya ile linapashwa kuwa mbali na nyumba, angalisho mita 500, upande upepo hauleti.

Bwawa la pili ni pana, kina chake mita moja na nusu hivi. Hapo njo kuna kitu kinachonifurahisha kila mara nikikieleza. Maji yanakuwa ya majani kibichi, na mutu anayepita anasema "angalia, yameoza". Kumbe kibichi kile ni mwani, mimea midogo sana isiyoonekana moja moja. Mwani unakula jua na gesi karboniki, unatoa oksijeni muchana kutwa. Bakteria wanaipokea oksijeni, wanakula uchafu, wanatoa gesi karboniki, mwani unaipokea. Kila mumoja anamulisha mwenzake. Ile hewa ambayo projekiti ya kurasa 14 inataka kuipuliza na jenereta, mwani unaitoa bure. Na kama kuranti inakatika saa sita, bakteria wa mashini wanaanza kukosa pumzi, lakini mwani haujui kama kulikuwa kuranti.

Mabwawa ya mwisho ni mafupi, kina mita moja, jua lifike karibu na chini. Kazi yao si chakula tena, ni kuua vidudu vya magonjwa. Jua lenyewe linaua. Tena muchana mwani unakula gesi karboniki mpaka maji yanabadilika, pH inapanda kupita 9, na bakteria wengi wa tumboni hawavumilii ile. Mayai ya minyoo hayafi kwa jua upesi, ni magumu sana, yanaweza kuishi mu udongo miezi, ata miaka. Lakini ni mazito. Yanaketi chini, kama tukiyapa siku za kutosha katika maji yaliyotulia. Njo sababu haraka ni adui hapo: maji yanapashwa kukaa siku kumi na zaidi mu mabwawa yote pamoja.

Munisamehe, sasa hesabu. Bila hesabu karatasi ya projekiti ni barua ya kuomba tu. Tuchukue kartiye ya watu 2000, joto la maji digri 25, kila mutu maji machafu lita 60 kwa siku. Ni mita kibe 120 kwa siku (mita kibe moja ni lita 1000) na DBO kilo 80. Bwawa la kwanza, kwenye digri 25, linakubali grama 350 kwa kila mita kibe kila siku. 80 000 gawanya na 350, tunapata mita kibe 229. Tukichimba mita 3, ni eneo la mita karé 76 tu, na maji yanakaa karibu siku mbili. Linaondoa 70 %, zinabaki kilo 24. Bwawa la pili linakubali kilo 350 kwa hektare kwa siku. Kilo 24 zinaomba mita karé 686, na maji yanakaa siku 8 na nusu. Kisha tunatia mabwawa mawili ya mwisho, siku tatu tatu, mita karé 360 kila moja. Jumla: chini kidogo ya mita karé 1500 za maji, pasipo kuhesabu kingo na njia ya kupita. Uwanja wa mupira ni karibu mita karé 7000. Kwa hiyo watu 2000 wanaomba uwanja wa watoto, si uwanja wa Stade.

Nimetumia hesabu za Duncan Mara, profesa wa Leeds, Uingereza, aliyeshugulika na mabwawa haya miaka mingi. Mutu yeyote wa ujenzi anaweza kuzirudilia. Kwa hesabu ileile, maji yanayotoka yanapashwa kuwa na bakteria chini ya 1000 kwa mililita 100. Hicho njo kipimo OMS iliweka mwaka 1989 kwa maji ya kunyeshea mboga za kula mbichi, pamoja na yai la munyoo lisilozidi moja kwa lita. Hesabu ni hesabu. Ku terrain majani yanaota ndani ya bwawa, mutu anatupa sakosi, tope linajaa, maji yanakata njia fupi kutoka tuyo ya kuingia mpaka ya kutoka, na siku tatu zinakuwa saa kumi.

Mwaka 2006 OMS iliandika kanuni mupya, na kwa maoni yangu zile njo za kutufaa zaidi. Hazisemi tena "maji yawe hivi ao musitumie". Zinasema: hesabu vizuizi vyote kati ya maji na kinywa. Maji yakisafishwa nusu, ni kizuizi. Ukiyapitisha mu mufereji kati ya mistari pahali pa kuyamwaga juu ya majani na arozwari, ni kizuizi. Ukiacha kunyeshea siku chache mbele ya kuvuna, jua linaua vidudu juu ya jani, kila siku sehemu kubwa. Kuosha na maji safi kunasaidia kiasi. Kupika kunamaliza karibu vyote. Sasa muangalie chungu chetu. Sombe inapikwa mpaka tunasahau. Lengalenga na matembele yanapikwa. Nyanya, saladi na kitunguu cha kachumbari havipikwi. Basi bustani ya bondeni si jambo moja. Palipo lengalenga hatari ya anayekula ni ndogo; palipo saladi ni kubwa. Mutu aliye na hatari zaidi ni mama mwenyewe, anayesimama peku ndani ya maji, na mutoto anayemufuata. Kwake butu za kaochu na dawa ya minyoo ya mara kwa mara vina faida kupita amri ya kungoa mimea. Na tusisahau bilharzi, Maniema tunaijua: konokono wake wanapenda maji yenye majani pembeni, ata ya bwawa lililojengwa vizuri kama hakuna mutu wa kufyeka.

Nairobi kuko pahali, kama Maili Saba, wakulima waliziba tuyo za maji machafu ya muji ili yafurike na kuingia shambani kabla hayajafika ku mabwawa ya kusafishia. Ukisikia hivyo unaweza kusema ni wajinga. Lakini walijua kitu ambacho sisi waagronomi tunakijua: maji yale ni mbolea. Tuseme maji ya mabwawa yanabaki na grama 20 za azote kwa mita kibe, ni kipimo cha kawaida. Hektare moja ya mboga wakati wa kiangazi inaweza kunywa mita kibe 5000. Ni kilo 100 za azote. Ureya iko na 46 %, kwa hiyo ni zaidi ya mifuko mine ya kilo 50. Ulizeni bei ya mufuko mumoja wa ureya ukifika Kasongo, ama Kabambare kule ndani, kisha mutaelewa.

Moshi, chini ya mulima Kilimanjaro, wanafanya ile bila kuziba tuyo. Watu wanaona teluji juu na wanafikiri Moshi yote ni maji, kumbe bonde la chini ni kavu na watu wanagombania mifereji. Mabwawa ya muji yako Mabogini, katikati ya mashamba ya muchele, na maji yakitoka yanaingia shambani. Muchele unafaa kwa kazi ile: unapenda maji yaliyosimama, unapenda azote, na hakuna anayekula muchele mubichi. Sisi wa Kasongo, tuliorizi muchele pamoja na Swahili yenyewe toka wakati wa Tippu Tip, hatuhitaji mutu wa kutufundisha kuulima. Mimi ningelianza hapo, mbele ya nyanya.

Lakini si kila kitu cha inchi kavu kinatuhusu. Dodoma jua linakula maji ya bwawa: milimita 6 kwa siku juu ya mita karé 1500 ni mita kibe 9 zinazopotea, na chumvi haipotei, inabaki. Maji yanatoka na chumvi zaidi kuliko yalivyoingia. Kwa mizabibu ya Dodoma na kwa udongo usiooshwa na mvua kubwa, ile inaomba kupimwa. Kwetu mvua inaosha udongo kila mwaka, chumvi si adui wa kwanza. Adui wetu ni mvua yenyewe. Mvua moja ya mwezi wa kumi na moja ikiingia mu mabwawa kutoka mulimani, inasukuma maji ya siku kumi kwa saa mbili, na uchafu wote unakwenda bondeni kwa mara moja. Kwa hiyo mufereji wa kuzungusha mabwawa, wa kukinga maji ya mvua, kwetu si mapambo. Mu projekiti ya kurasa 14 sikuuona.

Kitu kingine sikukiona, na hiki njo kikubwa: tuyo. Estasio ni mwisho wa njia, na njia yenyewe hatuna. Kufunga nyumba zote za Kasongo ku tuyo kunaomba kwanza maji ya robine ndani ya nyumba, juu choo cha kumwaga bila maji hakisukumi kitu. Mutu anayebeba bidoni ya lita 20 juu ya kichwa hatamwaga lita 10 kwa kila haja. Kwa hiyo estasio ya muji wote, kwa maoni yangu, hapana, si sasa. Pahali maji machafu yanatoka mengi kwa pamoja, njo pa kuanzia: masomo ya ntereneti yenye watoto mamia, gereza, soko, hospitali. Kwa hospitali kuwe na uangalifu, maji ya labo na ya dawa yasichanganywe na ya choo, mwani utakufa. Na kwa vyoo vya shimo, tupange pahali pa kupeleka tope linalotolewa usiku kwa ndoo na vijana ambao hatuwasalimu muchana: vitanda vya muchanga vya kulikausha, kisha likae muda mrefu, zaidi ya mwaka, mbele ya kuingia shambani.

Ku upande wa sheria, mulango uko wazi kidogo. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 juu ya maji iliweka kazi ya kugawa maji ya watu mu mikono ya mikoa na ya utawala wa chini. Ni kusema karatasi nzuri haihitaji kusafiri mpaka Kinshasa ili isomwe. Inahitaji kwanza kiwanja chenye hati, na mwenye udongo wa kimila kukubali mbele ya mashahidi. Nimeona mabwawa ya samaki yaliyokufa juu ya ugomvi wa kiwanja, samaki wakiwa wazima.

Basi, mudogo wangu, jibu la swali lako: ndiyo, tunaweza kuyatia mu bustani, na katika muchele mbele ya bustani. Toa jenereta. Toa nyumba ya jenereta. Mu feza zile tia mushahara wa watu wawili kwa miaka kumi: wa kufyeka kingo, kutoa povu na sakosi, kupima kina cha tope na fimbo kila mwaka, na kuita wenzake bwawa la kwanza likifika kujaa, juu litajaa, nyuma ya miaka miwili ama mitatu hivi. Na mbele ya kuchora tena, chukua pima-joto na ndoo yenye alama. Shuka ku mufereji wa chini ya soko saa kumi na mbili asubui, saa sita, na saa kumi na mbili jioni, siku saba za mwezi wa saba na siku saba za mwezi wa kumi na moja. Andika joto, andika ndoo inajaa kwa sekonde ngapi. Nitumie namba zile, tutafanya hesabu ya mabwawa pamoja.